Mguu Mweupe wa Maksai

Mimi nasema nyumba ya sanaa. Mji wa Tarime unasema "kwa mama picha", na mji ndio umeshinda. Ni chumba kimoja hapa Bomani, katikati ya fundi cherehani na duka la dawa za mifugo, chenye dirisha kubwa upande wa barabara na kuta nilizozipaka chokaa mwenyewe. Ukutani natundika picha zangu na za wachoraji wengine wawili watatu wa huku kwetu. Chini napanga vigoda, na vibuyu vya shanga wanavyoniletea akina mama wa vijijini. Lakini kinachonilisha, nisidanganye, ni vibao. Kinyozi anataka kichwa kilichonyolewa vizuri, mama ntilie anataka samaki wa kukaanga, na wote wanataka leo.

Watoto wakitoka shule hupitia kwangu. Nimewafundisha kuweka mikono nyuma, maana vidole vyao vina mafuta ya maandazi. Kila mmoja ana picha "yake", na siku nikiuza moja kuna mtoto atakayeninunia wiki nzima. Wafanyabiashara wa Sirari, kule mpakani na Kenya, nao huingia na Kiswahili chao cha ng'ambo, "Madam, si unipunguzie kidogo?", halafu wanaondoka na kigoda. Magari ya watalii yanapita kuelekea Serengeti bila kugeuza shingo. Haya, waende salama.

Kuna jambo moja ambalo chuoni hawakunifundisha: mtu wa huku humdanganyi kwa ng'ombe. Nichore simba, watapita. Nichore milima na jua linazama, watasema "pazuri" kisha waulize choo kiko wapi. Nikitundika ng'ombe tu, chumba kinajaa. Wanaume wanaegemea fimbo zao na kumkagua kama wako mnadani. "Huyu kwato zinamsumbua." "Huyu hajanyweshwa tangu jana." Siku moja jirani yangu wa dawa za mifugo alitazama ndama niliyemhangaikia mwezi mzima, akatangaza mbele ya wateja kwamba ana minyoo. Hasira zikanipanda, nikamwita mura, yaani kijana, kwa Kikurya chetu. "Mura, mimi nachora ninachokiona! Kama ana minyoo, si una dawa? Mtibu!"

Maneno hayo nilikuwa nayasema sana. Nachora ninachokiona. Nilijivunia.

Masika ya mwaka jana nilikuwa natoka Mugumu, na basi letu likapasuka tairi kabla ya Nata. Wenzangu wakakaa kivulini kulalamika, mimi nikatoa penseli. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kundi la ng'ombe, na mmoja wao alinikaa machoni: maksai mweusi, mnene, mwenye nundu kubwa na doa jeupe kwenye paji la uso, pembe ya kushoto imeinama mpaka karibu na jicho. Nilimchora haraka haraka kwenye karatasi. Nyumbani nikamhamishia kwenye turubai kwa rangi za mafuta, kwa raha zangu, na alipokauka nikamtundika dirishani.

Hakumaliza hata siku tatu pale. Mzee mmoja wa Gorong'a alikuwa amekuja kwa jirani kununua dawa ya kupe, akapita mbele ya dirisha, akasimama. Akaingia bila hodi. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia, na kwa mzee wa huku hilo si jambo dogo.

"Huyu," akasema, "umemtoa wapi?"

"Nimemwona kwa macho yangu, tata," nikamjibu kwa heshima ya Kikurya, kama ninavyomwita baba yangu. "Karibu na Nata, masika haya haya."

Akasogea mpaka pua yake ikakaribia turubai. Akaniambia kwamba maksai wake aliibiwa zizini msimu uliopita wa kulima. Mama yake alikufa siku ya kumzaa, kwa hiyo mzee alimkuza mwenyewe kwa maziwa ya chupa, na alipokua wakamfunga nira pamoja na mwenzake. Tangu aondoke, yule mwenzake amegoma kuvuta plau na ng'ombe mwingine yeyote. "Nilisema ameshaliwa," akasema. "Kumbe yuko hai." Akatoka mbio mbio, dawa ya kupe akaisahau juu ya meza yangu.

Nami, jamani, nilifurahi! Nilimwambia fundi cherehani kwamba sanaa imerudisha ng'ombe wa watu. Nilitembea mjini siku ile kichwa juu.

Kesho yake asubuhi pikipiki mbili zikasimama mlangoni. Mzee alikuwa amerudi na wanawe watatu, watu wazima wenye fimbo na makoti ya safari. Walikuwa wananitaka niwaelekeze mahali penyewe: basi lilisimama wapi, lile kundi lilielekea upande gani, mchungaji alivaaje. Furaha yangu ikaanza kupoa. Huku kwetu ng'ombe akisemwa ameonekana, vijana wanaondoka, na si lazima warudi wote. Na kule Nata kuna mchungaji asiyejua lolote, naye ana mama yake.

"Tata," nikasema, "ng'ombe weusi ni wengi. Una uhakika?"

"Pembe ingeweza kunidanganya," akasema mzee. "Doa la usoni pia. Lakini angalia mguu." Akanyoosha fimbo kwenye mguu wa mbele wa kulia, uliokuwa mweupe kuanzia gotini kwenda chini. "Alizaliwa na mguu huu. Ndio niliokuwa naushika nikimnyonyesha."

Ule mguu niliutia mwenyewe. Maksai wa Nata alikuwa na miguu myeusi yote minne. Picha ilikuwa nzito mno huku chini, giza tupu, ikataka mwanga kidogo, nikachukua rangi nyeupe na kumvalisha mguu. Ni kazi ya dakika mbili, na wachoraji wote tunafanya. Nilitazama uso wa yule mzee, ulivyong'aa, nikatamani sana kunyamaza. Halafu nikatazama zile fimbo.

"Mguu huo ni wangu," nikasema. "Nimeuongeza mimi, ili picha ipendeze. Niliyemwona miguu yake ilikuwa myeusi."

Mwanawe mkubwa akanigeukia. "Yaani ng'ombe mzima unamvalisha mguu?"

"Ndiyo. Nisamehe."

"Si ulisema unachora unachokiona?"

"Nilisema."

Akacheka bila furaha. "Baba, huyu ameogopa tu sasa hivi. Pembe si ile ile? Jana umetuambia unamjua hata gizani. Twende."

Fundi cherehani alikuwa amesimama mlangoni na futi yake shingoni, na nyuma yake watu wengine, maana habari ya ng'ombe haikai ndani. Nilijua ninachomwomba kimoyomoyo yule mzee ni kitu kigumu. Baba wa huku hakosei mbele ya wanawe, sembuse mbele ya mji.

"Jana nilikosea," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Macho yangu yamezeeka. Si yeye. Rudini nyumbani."

Wakabaki wanamwangalia. Akarudia mara ya pili, taratibu, nao wakatoka. Nikasikia pikipiki moja ikiwashwa na kuelekea njia ya Gorong'a. Mwanawe mdogo kati ya wale watatu alibaki nje kumsubiri na ile nyingine.

Nikamsogezea kigoda, hakukaa. Nikampa dawa yake ya kupe, akaipokea kwa mikono miwili. Alikuwa bado anaitazama picha.

"Huyo wa watu," akasema, "uliyemwona wewe. Alikuwa anakula?"

"Alikuwa anakula, tata. Majani yalikuwa mengi."

"Shingoni hakuwa na kidonda cha nira?"

"Hakuwa nacho. Alikuwa mzima kabisa."

Akatia dawa mfukoni, akageukia mlango.

"Haya," akasema. "Wamtunze."