Jina la Herufi Tatu

Nilakshi Bordoloi alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi yetu pale Guwahati, shirika dogo lililotafuta watu waliopotezana na jamaa zao kwenye mafuriko. Alikuwa mwembamba, mchache wa maneno, na alipenda kazi iende haraka. Sisi wengine tulipokea simu.

Mwaka ule mto Brahmaputra ulipovunja kingo, kambi zilituletea majina ya watu kwa maelfu, kila mmoja na maelezo yake: jina, kijiji, kovu, nguo aliyookolewa nayo. Mtu akipiga kumuulizia ndugu yake, tunaandika jina, halafu tunasubiri. Kompyuta ilipitia maelezo yote, mstari kwa mstari, toka wa kwanza mpaka wa mwisho. Wapigaji waliishiwa salio wakisubiri.

"Dada Nilakshi, hii mashine yako imelala au inasali?" nilimuuliza siku moja.

"Inasoma kitabu kizima kutafuta neno moja," alisema. "Inataka faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu. Kila neno na mahali lilipo. Nikishaijenga, itakwenda moja kwa moja."

Akaijenga. Lakini kompyuta yetu ilikuwa kuukuu, na faharasa ikawa nzito mno kwake. Basi akaiamuru iyaache maneno yote yasiyofika herufi nne, vile viunganishi vinavyojaa kila mstari na havimsaidii mtu kupata chochote. Kesho yake jibu lilikuja kabla hujaondoa kidole. Meneja wetu, Hemanta, alileta maandazi ya ufuta, akamvisha Nilakshi gamosa mpya shingoni, kitambaa cha kumpa mtu heshima. Tulipiga makofi.

Dwijen Saikia alianza kupiga wiki hiyohiyo. Alikuwa fundi baiskeli wa upande wa Morigaon. Maji yalipofika kwenye paa, boti moja ilimchukua yeye na watoto, nyingine ikamchukua mama yake, na hakumwona tena.

"Anaitwa Ira," aliniambia.

"Hayumo, kaka."

"Angalia tena, dada yangu. Pengine wameandika Ira tu, bila ukoo."

"Nimeandika Ira tu. Hayumo."

Alipiga kila asubuhi, kisha akaacha. Baba zake wadogo walimwambia si haki kuiacha roho ya mama ikitangatanga. Kwa kuwa mwili haukupatikana, walifunga majani yakawa umbo la mtu, wakaliteketeza badala ya maiti, na Dwijen akanyoa kichwa kwa msiba.

Siku aliyopiga tena, niliitambua sauti yake kabla hajajitaja.

"Mama yangu yuko Nagaon. Muuza maziwa wa kwetu kamkuta kambini anamenya vitunguu. Wanasema jina lake walilileta kwenu tangu siku alipofika. Nyinyi mlikuwa mnaangalia wapi?"

Nilimwita Nilakshi. Aliandika Ira. Hayumo. Akaitoa kompyuta kwenye faharasa, akaiambia isome mstari kwa mstari kama zamani. Tukasubiri, Dwijen akipumua kwenye simu. Hatimaye akatokea: Ira, bibi mzee, kovu kidevuni, kambi ya Nagaon.

Nilakshi aliziba mdomo kwa kiganja. "Herufi tatu," alisema. "Nimemfuta mimi."

Hemanta alipopata habari, alipunga mkono kwa kupuuza. "Mashine imekosea. Irekebishe, tuendelee. Wangapi wamekutana kwa sababu ya faharasa yako?"

"Mashine haikukosea, bosi. Imefanya nilichoiambia."

Nilakshi aliijenga upya, safari hii na maneno mafupi ndani hata kama ingekwenda polepole kidogo, kisha akaomba ruhusa ya kwenda Morigaon. Nilifuatana naye kwa sababu hakuwa akila.

Bibi Ira, ambaye Dwijen alikuwa ameshamrudisha nyumbani, alikuwa barazani, shavu limejaa tambuu. Dwijen alikuwa amechutama uani, akinyoosha gurudumu. Nilakshi aliinama kumgusa bibi miguu kwa heshima, akabaki hapohapo chini akieleza yote.

"Kwa hiyo mimi ni mfupi mno kwa mashine yako?" Bibi alicheka. "Marehemu mume wangu naye alikuwa ananisema hivyohivyo." Kisha kicheko kikakatika. "Kule kambini, kila boti ikija nilikwenda kusimama mlangoni. Baadaye nikasema, wamefurahi kupunguza mdomo wa kulisha. Nikamlaani huyu, mwanangu. Nikamlaani kwa sauti, watu wakisikia. Hilo nalo utalirekebisha vipi?"

Dwijen hakuinua uso kutoka kwenye gurudumu.

"Wape chai, mama," alisema.

Tuliporudi, Nilakshi alitugawia namba za wote waliowahi kuulizia majina mafupi, akachukua fungu kubwa yeye mwenyewe. Tuliwapata akina Uma, Anu na Jun. Waliolia walilia, waliotutukana, Nilakshi aliwasikiliza hadi wakachoka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimtafuta mumewe, Bul, hakupokea. Mume alikuwa salama kambini Tezpur, akimngoja. Miezi imepita sasa. Nilakshi bado anaipiga namba ile kila baada ya chakula cha mchana, anasimama dirishani, anaiacha iite mpaka ikatike yenyewe.