Rangi ya Mkono wa Mdogo Wangu

Shemeji yangu alimpiga mdogo wangu kwa mkanda, upande wa chuma, mkono wa kushoto ukavimba kuanzia begani hadi kiwikoni. Nilimpiga picha asubuhi yake studio kwangu Chumbageni. Alitaka talaka. Lakini kwetu huendi kwa kadhi kabla wazee wa pande mbili hawajakaa, naye alikataa katakata kuwafunulia wanaume wasiomhusu mkono wake. Picha ndiyo ingemsemea.

Wazee wakaja studio. Nilikuwa na skrini mpya, ya zile zinazotoa rangi nyingi kuliko za kawaida, nikiiringia. Nikafungua picha. Mkono ukawaka mwekundu kama umepakwa rangi ya mlango. Ami wa shemeji akacheka.

"Wewe si ndiye uliyemng'arisha mume mtu hadi akawa Mwarabu kwenye albamu ya harusi yao? Leo wamgeuza nduguyo nyanya?"

Wenzake nao wakacheka. Wakasema tutakaa mara moja tu tena, na kama ushahidi ni huo, mke arudi kwa mumewe. Wallahi nilitaka kumrukia mzee wa watu.

Lakini alikuwa na haki ya kucheka. Skrini za aina ile, usipozipima, hutia chumvi kwenye kila rangi. Nikaazima kalorimita kwa mwenzangu anayechapa mabango. Ni kidude cha kuenea kiganjani. Unakilaza juu ya kioo, kompyuta inaonyesha rangi moja baada ya nyingine, chenyewe kinapima kilichotoka kweli, mwisho unapata profaili ya kuirudisha skrini kwenye ukweli.

Nilifunga mapazia nikaanza. Nyekundu ilikuwa imepita, kijani inaingia, shemeji akausukuma mlango.

"Shemeji, futa hizo picha."

"Toka."

Akanipiga ngumi ya mdomo. Nikaanguka juu ya meza, jino likanichana ulimi. Akainua kigoda aipige skrini, nikaikinga kwa mgongo, kigoda kikanitua mbavuni. Tukapigana gizani, uso wake mara wa buluu, mara wa kijivu, kidude kikining'inia kwenye waya wake. Nilimgonga goti kwa stendi ya kamera, akalia, na nilisikia raha. Sioni haya kusema hivyo. Ningemgonga tena kama majirani wasingeingia kutuamua.

Walipomtoa, nilitema damu kwenye ndoo nikaanza kupima upya.

Kazi ilipokwisha nikamwita mdogo wangu, nikampiga picha nyingine. Alama zilikuwa zimekomaa. Kwenye skrini wekundu wote ulikuwa umekwisha. Pamebaki weusi mzito wenye umanjano pembeni, kama ndizi iliyopondeka. Nilikasirika. Nilitaka damu ionekane, nilitaka wale wazee waogope. Mkono wangu ukaenda kwenye kipanya niongeze kidogo. Mdogo wangu akapandisha mkono wa nguo, akauweka mkono wake kando ya kioo.

"Ndio huu huu, kaka. Usiongeze kitu."

Siku ya kikao cha pili mama yake shemeji alikuja pia, akakaa nyuma ya wanaume. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa sauti ndogo. Nikafungua picha. Ami mtu akaanza tena: kompyuta, kompyuta, mambo ya kompyuta. Shemeji akatikisa kichwa kama mtu aliyeonewa.

Bi mkubwa akanyanyuka. Akapita katikati ya wazee, wakampisha, akausogeza uso karibu na skrini na kutazama muda mrefu. Kisha akamgeukia mwanawe, akaushika mkono wake mwenyewe juu ya baibui, pale pale, kati ya bega na kiwiko.

"Hii si ya kompyuta, mwanangu. Marehemu babako alikuwa akiniachia hii hii. Nimeoga nayo miaka yangu yote ya ndoa, naijua."

Ami akainamisha kichwa. Hakuna aliyemwambia bi mkubwa akae.

"Mpe mwana wa watu talaka yake."

Shemeji akaitamka, macho yake yakiwa kwa mama yake.