Siku Niliyoizima Tovuti ya Asali Yetu

Haya yananichoma uso hata sasa, na wenzangu wa kikundi cha asali hapa Sikonge wakinipita kwa baiskeli wananipigia kengele na kucheka, basi bora niyaseme mwenyewe.

Mpwa wangu Leokadia, anayefanya kazi Tabora mjini, alitutengenezea tovuti, akaniruhusu mimi mwenyekiti kuweka picha za asali (picha tu, alisisitiza, nami nikaitikia kama mtu mwenye akili). Sasa ikaja siku ya mama mnunuzi kutoka Dar, aliyesema kabisa hanunui mzigo wa kikundi asichoweza kukionyesha kwa wateja wake mtandaoni. (Enzi za misafara asali yetu ilifika pwani vichwani mwa wapagazi na hakuna aliyeulizwa tovuti, lakini tuyaache.) Asubuhi hiyo nikaona tovuti haina sura yangu. Nikapekua simu, nikakuta vipande vya msimbo, yale maandishi ya kubadili mwonekano wa tovuti, vinagawiwa bure, nikanakili kimoja cha kuweka picha kubwa juu, nikabandika. Darasa la nne niliishia, ila kubandika najua.

Ukumbini kwa kanisa la Wamoraviani shuka limetandazwa ukutani, projekta imeunganishwa na simu yangu, wanachama wamejaa, mama anasema, "Haya mzee, tuione." Nikafungua. Nyeupe. Nikafungua tena, nyeupe vilevile, na Mzee Kasimba, ambaye tangu uchaguzi hanipendi, akauliza, "Mwenyekiti, hiyo asali au maziwa?"

Nikampigia Leokadia, na kwa kiwewe nikagusa spika, watu wote wakasikia.

"Shikamoo mjomba. Umebandika wapi?"

"Marahaba. Juu, katikati, na chini."

"Mara tatu? Kwa nini?"

"Si kama nta, mama! Mzinga mpya ukiupaka sehemu moja tu nyuki hawaji."

Kicheko kilichopigwa humo, acha tu.

"Mjomba, msimbo uleule ukiurudia, tovuti nzima inagoma!"

Akafuta vipande viwili hukohuko aliko, tovuti ikarudi, na sura yangu ikajaa shuka zima, meno nje, asali haionekani hata tone. Mama wa Dar alicheka hadi machozi, akasema mzigo anachukua, kisha akainamia simu yangu: "Leokadia mwanangu, kuanzia leo naongea na wewe." Mbele ya watu wangu wote!

Tulipakia ndoo garini, mimi upande huu, Kasimba upande ule, na sikuinua macho hata mara moja. Kitu nisichojua kinavyofanya kazi sikigusi tena, hata kiwe cha bure.