Dokta Mia kwa Mia na busha la mjomba wangu

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Hili lilitokea Bagamoyo miaka ya sabini, kwa mjomba wangu wa damu. Siongezi chumvi, lenyewe lilikuwa kali tosha.

Nilikuwa likizo kutoka chuo, kichwa kimejaa takwimu. Mjomba Shomari alikuwa na busha. Watu wa pwani mnajua, kanzu haifichi kila kitu.

Hospitalini kulikuwa na daktari mpya. Kapasua wagonjwa wanne wa busha, wote wakapona. Basi! Mji ukampachika jina, Dokta Mia kwa Mia. Daktari wa zamani, aliyepasua watu miaka na miaka na wachache wakaharibikiwa, ghafla akawa mchinjaji.

Nikamwambia mjomba pale barazani, mbele ya watu, "Wanne ni wachache. Tuanze na tunachokijua: popote mabusha yanapopasuliwa, baadhi ya vidonda huoza. Mchukulie kama alishapasua kumi wa kudhania, mmoja akaharibikiwa. Waongeze wanne wake: ameharibu mmoja kati ya kumi na wanne, si mia kwa mia. Kila akipasua mwingine, unarekebisha."

Hiyo ndiyo takwimu ya Bayesian, wakuu. Hakuna uchawi.

Mjomba akanitazama. "Hao wagonjwa wako wa kudhania wamelazwa wodi gani?"

Baraza zima hoi kwa kicheko. Mkewe akamalizia, "Na shahada watakupa ya kudhania?"

Mjomba akaenda kwa Mia kwa Mia.

Kidonda kikaoza. Homa, harufu, mjomba anamwita marehemu mama yake. Tukampakia kwenye Land Rover ya jirani hadi Dar. Nilimshika mkono njia nzima, sina hata hamu ya kusema "nilikwambia". Alinusurika kwa taabu.

Niliporudi Bagamoyo nikamfuata Mia kwa Mia. "Kwa hiyo sasa ni wanne kati ya watano?"

Akajibu bila haya, "Mjomba wako hayumo. Huyo ni mgonjwa wa Dar."

Nilidhani nimesikia yote. Wiki chache baadaye wakaja ndugu zetu wa kijiji cha Mkange na mgonjwa wao, wakamuuliza mjomba ushauri. Yeye kakaa upande upande, kidonda bado kinamuuma:

"Nendeni kwa Mia kwa Mia. Mimi ulikuwa mkosi wangu tu."

Wakaenda.

Nilichojifunza: ukiambiwa fulani hajawahi kukosea, uliza kafanya mara ngapi, halafu uliza walioharibikiwa wanahesabiwa wapi. Ila usitegemee shukrani, hata kutoka kwa aliyeoza.

Haya, mtaani kwenu Mia kwa Mia ni nani? Mwageni.