Aliyekataa Kufungua Pampu

Harufu ya kitambaa chenye petroli ikinipitia puani, hasira hunipanda hata leo. Na mimi si mtu mdogo: nina gereji mbili hapa Nakuru, darasa la tatu sikumaliza, lakini matajiri huniletea magari yaliyowashinda wenye vyeti. Niacheni nijisifu, sifa hii nimeitolea jasho.

Miaka ya hamsini baba alikuwa fundi katika shamba la mzungu huko juu Kuresoi. Lori la viazi likianza kukohoa mlimani, aliipima nguvu ya pampu kwa utaratibu wake. Alingoja injini ipoe kabisa, akatoa waya wa betri, akaweka ndoo ya mchanga karibu, akazungushia kitambaa pale anapolegeza bomba la petroli. Kisha mtu akazungusha hendeli ya injini na petroli ikaruka ndani ya chupa. Ikiruka kwa nguvu, pampu ni nzima. Ikidondoka kama kamasi ya mtoto, imechoka.

"Petroli ni kama mama mkwe," alikuwa akisema. "Huendi kwake mbiombio."

Siku moja, nikiwa naye kazini, lori lilifika likitoa mvuke, na viazi vilikuwa vinangojewa na treni Molo. Msimamizi mzungu akaja na kiko chake kinafuka mdomoni.

"Fungua pampu sasa hivi! Hii toto nashika chupa."

Nikaikamata chupa, kifua mbele. Leo na mimi ni fundi!

"Injini ina moto, bwana," baba akasema. "Na hicho kiko..."

"Wewe na mdomo mingi! Kama hapana fungua, toka shamba hii."

Baba alinitazama. Akaninyang'anya chupa, akanisukuma nyuma yake. "Sifungui."

Wafula, dereva wa trekta, akafungua, chupa akaishika mwenyewe. Na hakuna kilichowaka! Lori likaondoka, na kabla jua halijatua vyombo vyetu vilikuwa nje ya nyumba.

Watoto wa shamba walitusindikiza hadi langoni wakiimba, "Fundi mwoga! Fundi mwoga!" Mama, sufuria kichwani, alifoka njia nzima: "Baba Kiprono, Wafula amefungua na hajaungua. Si ungefungua tu?" Hapa Nakuru baba aliishia kubeba magunia ya watu sokoni, na shule yangu ikakatika. Nilimchukia, sikumficha.

Juzi mteja mmoja alisimama gerejini kwangu na sigara, ananihimiza nipime presha ya petroli na injini bado inachoma. Geji ninayo, ya kisasa. Mjukuu wangu, bado na sare ya shule, alikuwa ameshainamia bomba na kitambaa mkononi. Nilimvuta shati hadi vifungo vikaruka. Yule mteja nilimtukana mpaka akasahau funguo zake.

Nikakaa juu ya tairi. Kumbe nilipoishika ile chupa, uso wangu ulikuwa usawa mmoja na bomba, ningekuwa wa kwanza kuungua.

Baba alikufa nikimwita mwoga. Mwenye kiko, nasikia, alizeeka salama salimini.