Kidole Nilichokipaka Utomvu

Nakumbuka vizuri sana Ijumaa moja ya kukaguliwa miguu, mwanangu. Nilikuwa darasa la nne, na hilo ndilo lilikuwa darasa langu la mwisho, kwa hiyo mwandiko wangu uuvumilie. Shuleni kwetu huku Igurwa hakuna mtoto aliyekuwa na viatu, na vumbi la uwanjani lilijaa funza.

Nesi alikuja kwa miguu kutoka hospitali, akaketi kwenye kigoda mlangoni mwa darasa. Kila mtoto aliweka mguu pajani mwake. Mwenye funza alitolewa hapohapo kwa pini iliyochemshwa, akapakwa dawa, basi. Dawa ilichoma kidogo. Kilichochoma zaidi ni midomo ya wenzako, maana ukishatolewa funza utaimbiwa mpaka nyumbani: "Kwenu hamfagii! Mnalala na mbuzi!"

Sasa mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa usafi hasa. Kila Jumamosi alitandika nyasi mpya sakafuni, na uani kwake hungeokota hata ganda la kahawa. Ila ulimi wake ulikuwa mrefu juu ya nyumba za wengine. "Wale wa pale chini," alizoea kusema, "hata kuku wao wanaona aibu." Nilipopata funza wawili chini ya kucha ya kidole kidogo, nikajiambia: mimi siwezi kumwangusha mama yangu mbele ya kijiji.

Nikafanya ujinga ambao ni mtoto wa migombani tu angeufikiria. Nilikata kikonyo cha jani la mgomba, nikajipaka utomvu miguu yote miwili. Wewe unaujua utomvu: unapaka kama maji, kesho umekuwa mweusi na sabuni haiuwezi. Katika weusi ule, nani angeona kitone cheusi cha funza?

Nesi aliushika mguu wangu akacheka. "Maawe! Binti, umelima shamba zima peke yako?"

"Shikamoo. Nilikuwa namsaidia mama migombani."

"Marahaba. Haya pita, mchapakazi."

Nikapita. Nyuma yangu alikuwa rafiki yangu Kemilembe. Yeye alitolewa funza watatu. Na mimi, mwanangu, nasema hili na uzee wangu huu, ndiye niliyeanzisha wimbo wa kumcheka.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwangu kilianza na kidole. Kilivimba kama ndizi sukari. Mama akauliza, nikasema nimejikwaa. Akanifunga jani la moto, akaniamini. Wiki haikuisha, mguu ukajaa mpaka gotini, nikashindwa kusimama, nikawa naweweseka. Baba alinisugua mguu kwa jivu mpaka ngozi ikaonekana, akawaona funza. Alitoka kuita majirani walete machela.

Na huku kwetu mgonjwa wa machela hapiti kimya kimya. Kila nyumba watu hutoka kuuliza, na mwanamume wa nyumba hiyo hupokea zamu.

"Mmembeba nani?"

"Binti yetu huyu."

"Amepatwa na nini?"

"Funza."

Hivyo hivyo, nyumba kwa nyumba, mpaka hospitali ya Nyakahanga. Kwa wale wa pale chini pia. Mama alitembea nyuma, amejifunika kanga usoni. Aibu niliyotaka kumwepusha nayo ilitangazwa kama tangazo la ndoa kanisani, na waliotangaza ni watu wema waliokuwa wakiniokoa.

Hospitalini nikapokewa na nesi yule yule. Aliutazama mguu, akatazama utomvu uliobaki kwenye kucha, akaelewa.

"Kumbe ni wewe, mchapakazi. Nani alikutuma?"

"Hakuna. Niliona aibu."

Hakufoka, na ingekuwa nafuu kama angefoka. "Utomvu ulinidanganya mimi," alisema. "Funza hawakudanganyika. Ijumaa ile ungelia kidogo, ungeimbiwa kidogo, ukaenda kucheza. Leo daktari anakata kidole." Kisha akamgeukia mama. "Na wewe mama, usafi wako mtoto ameuogopa kuliko ugonjwa. Huo ni usafi gani?"

Mama akalia. Kidole kikakatwa, mimi nikapona. Kemilembe alikuja kunitazama na ndizi za kuchoma. Nilipoanza kujificha chini ya shuka akasema, "Fungua uso. Nimekuja kula na wewe, siyo kukuimbia." Utu huo sikuustahili.

Basi sikiliza, mwanangu. Ninyi mnafikiwa na wauguzi shuleni. Wanakuja na chanjo, wanakuja na dawa za minyoo, kuna mwalimu wa afya, na wasichana wakiingia mwezini wana mtu wa kumwambia. Nesi akifika, usikimbilie shamba la kahawa kujificha. Kula kwanza asubuhi, umeze dawa unayopewa, nyoosha mkono uchomwe. Penye kidonda onyesha, penye maumivu sema, hata kama ni mahali pa kuonea haya. Pini na wembe usichangie na mtu. Na mwenzako akiugua, mdomo wako uwe wa kumwita mwalimu, siyo wa kuanzisha wimbo.

Nanyi akina mama wa Karagwe na Kyerwa, mkague mtoto kabla ya kukagua uwanja. Mimi wajukuu wangu wote wamechanjwa, na majirani wakileta maneno ya vijiweni kuhusu sindano, nawavulia kiatu waone mguu wangu. Mimi si msomi, lakini hilo nimelisoma mwilini.

Mungu akulinde njiani na darasani. Akupe mwalimu mwenye macho, mama mwenye masikio, na ulimi usiotetemeka kusema ukweli wa mwili wako. Ukue, usome unipite mbali, uzae, uzeeke ukiwa mzima.