Jeep Isiyofika Irumu

Kosa ninalolisema leo ni la kudhani kwamba mtu anaweza kununua usalama, akafunga mlango, akaondoka nao peke yake. Limenirudia akilini kwa sababu ya mfanyabiashara wa ng'ombe, jirani yangu hapa Bunia, aliyefariki juma lililopita kwa ugonjwa wa moyo. Kwenye matanga yake, wanaume waliokaa karibu na jeep yake kubwa waliulizana kama kweli ilistahili bei yake. Msibani si mahali pa kubishana. Hapa nitajibu.

Aliinunua miaka ile bunduki za vita vya Ituri ziliponyamaza na hakuna aliyejua zingenyamaza mpaka lini. Aliuza karibu kundi zima alilorithi kwa baba yake, apate gari la kupita matope yoyote, lenye vioo vyeusi na viti vya ngozi. Sitalisingizia: lilikuwa gari bora, na injini yake haikumwaibisha hata mara moja. Lakini tangu lilipoingia uani, yeye hakutoka. Sokoni hakwenda nalo, kwa kuogopa macho ya watu. Kwa miguu hakwenda, kwani mwenye gari kama lile akionekana anatembea, watu husema amefilisika. Alijenga ukuta, kisha akauongeza kimo. Nilipomtembelea, tulizungumza kwa kunong'ona.

Ndipo ikaja habari kutoka Irumu kwamba mama yake yu mahututi, naye anamwita ampe baraka. Nilimsindikiza asubuhi mpaka mahali magari yanapojipanga kungojea askari wa kuyalinda kwenye njia ya Komanda, inayopitia Irumu. Akaiingiza jeep katikati ya mstari. Lori la mbele likasogea mbele. La nyuma likarudi nyuma. Aliposogea, wakajitenga tena. Dereva mmoja akaja kugonga kioo.

"Papa, utuache. Hii gari inaita watu wa pori wenye bunduki. Wataona mukubwa iko ndani, watapiga, na siye tutakufa juu yako."

"Mama yangu iko anakufa!"

"Basi uende peke yako. Si ulinunua gari ya kupita fasi yote?"

Watu wakacheka. Peke yake hakuthubutu. Alibaki mle ndani, vioo vimefungwa, mikono juu ya usukani, jasho likimtiririka, huku askari wakipanda gari lao. Niliona wazi kwamba ataligeuza arudi nyuma ya ukuta wake, na mama yake azikwe bila kumwona.

Mwanamke mmoja, mchuuzi wa samaki wa Tchomia, alikuwa ameketi juu ya mizigo yake ya samaki wa chumvi kwenye lori la mbele. Akamwita, wote wakisikia:

"Weye papa! Toka mu hiyo sanduku. Njo ukae hapa kwa makayabo yangu."

"Nitanuka," akajibu, katika saa ile!

"Utanuka, ndiyo. Nani atateka muntu wa kunuka samaki? Vua koti, leta mukono!"

Alinitupia funguo, akapanda. Alimkuta mama yake akingali hai, na mkono wa mama ukamgusa kichwani kabla ya jua kutua. Aliniambia hayo mwenyewe, na sikupata kumsikia akisimulia jambo jingine kwa furaha kama ile.

Gari la njia mbovu, basi, lina thamani mahali ambapo shida ni njia. Kwetu matope yamekuwa adui mdogo. Tunachokiogopa Ituri ni binadamu, na kinga yetu mbele ya binadamu ni binadamu mwingine aliye tayari kutusogezea nafasi. Hata hivyo naona tunavyozidi kuishi kama jirani yangu: ua baada ya ua, kila mmoja na vioo vyake, tukiita hali hiyo amani kwa kuwa hatusikii kilio cha upande wa pili. Mtu ni watu. Asiyekubali kubanana nao atabanwa na mali yake.

Wasemaji wa matanga walisifu ng'ombe, nyumba na jeep. Yule mchuuzi alikuwapo, ameketi nyuma kabisa, na hakuna aliyemtaja. Mimi namtaja: Mama Masika.